Kipande cha Kichwani

Kuna Jumapili moja ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu, na si kwamba sijajaribu kuitoa. Siku ya ndoa yangu ya kwanza nimeshaisahau, tena hiyo nilifurahi kuisahau. Sura za watu walionipunja sokoni nimezisahau, na hao nilikuwa na kila sababu ya kuwakumbuka. Lakini Jumapili ile, kwenye baraza la nyumba ya mama yangu pale Kariakoo, naikumbuka mpaka rangi ya uzi.

Naisimulia leo kwa sababu naona mmerudia kushona mifarishi. Juzi binti mmoja wa mtaani alikuja kwangu, akaniamkia shikamoo ndefu yenye adabu zote, nikajua huyu ana haja. Kumbe anataka kuwashonea ndugu zake mifarishi ya zawadi, na ameambiwa bibi huyu anakijua kila kichochoro cha Kariakoo. Basi nimwonyeshe duka linalouza vipande vipya, vilivyokwisha katwa, vyote saizi moja, asihangaike. Nikamwambia duka nitakuonyesha, mwanangu, miguu inauma lakini kumbukumbu haijaanza kuchechemea. Ila kaa kwanza. Na wewe unayesoma, kaa naye.

Mfarishi, kwa asiyeujua, ni shuka zito la kujifunikia. Unaungwa kwa vipande vingi vya nguo, ndani unatiwa sufi au blanketi kuukuu, halafu unapigwa uzi juu mpaka chini ili vyote vishikane. Mama yangu alikuwa fundi wa kitu hicho. Alijifunza kwa mama yake, huko kusini walikotoka, na alikuja nacho mjini pamoja na sufuria mbili na sisi watoto. Kila mtoto wake aliyeondoka nyumbani, kwa ndoa au kwa kazi, aliondoka na mfarishi.

Sasa, mifarishi ya Mama ilikuwa na sheria yake. Pembeni uliweza kutia kitambaa chochote. Lakini katikati palikuwa na vipande tisa, navyo viliitwa vipande vya watu. Kila kipande kilitoka kwa mtu mmoja aliye hai, wa nyumba ile, kwenye nguo anayoivaa. Nguo mpya ilikataliwa, kwa kuwa haijamjua mtu. Na nguo iliyokwisha kuchakaa ilikataliwa pia.

"Nguo iliyokufa haishiki uzi," alikuwa anasema Mama. "Nataka ile ambayo kesho ungetoka nayo. Ile ambayo ukiikata utaikumbuka."

Halafu kila mtu akae barazani, mbele ya anayeondoka, apige mishono ya kwanza ya kipande chake kwa mkono wake mwenyewe, huku akisema nguo ile imemwona wapi. Ndiyo ilikuwa dua yetu ya safari.

Mimi miaka ile nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeachika, nimepanga chumba Buguruni, na nauza mabaki ya vitambaa. Ilikuwa ile miaka ya Ujamaa ambayo nguo mpya ilikuwa habari ya kupashana. Ukisikia khanga zimefika duka la ushirika, unaacha ubwabwa jikoni unakimbilia foleni, na mwisho wa foleni mnapigiwa kura kwa sababu khanga arobaini haziwatoshi wanawake mia tatu. Basi mafundi wa barazani wakikata suruali na magauni, kile kinachoanguka chini ya cherehani mimi nilikuwa nakikusanya kwa mapatano, nakinyoosha, nakihesabu mara mbili, naenda kukiuza kwa wenye kushonea watoto. Kwa mapatano nilikuwa sishindwi. Mtu akinitajia bei, nilikuwa nacheka kwanza, halafu ndiyo namsalimia.

Mdogo wangu wa mwisho aliitwa Rajabu. Baba alifariki Rajabu akiwa hajaanza kutembea, Mama akaenda kufanya vibarua, na mimi nikiwa na miaka minane ndiye niliyembeba mgongoni. Alikuwa mtoto mzito, mchekeshaji, hajui kulia. Alipokua akachukuliwa ualimu, wakati ule walimu vijana walipohitajika kila kona ya nchi, na barua ya kazi ilipokuja ikasema Makete. Makete, mwanangu! Sisi watu wa pwani tukisikia upepo wa mvua tunatafuta sweta. Mama aliuliza Makete kuko vipi, na aliyejibu alikuwa Mama Aikande, mpangaji wa chumba cha mbele, Mchaga mwenye duka dogo la rejareja pale nje.

"Mama Mwajuma, baridi naijua mimi," alisema. "Kwetu mlimani asubuhi unatoa moshi mdomoni kama gari moshi. Na huko nasikia ni zaidi. Mshonee mtoto, tena mnene."

"Na wewe utatoa kipande," Mama akamwambia.

"Mimi si wa ukoo."

"Umemchapa huyu mtoto mara ngapi?"

Mama Aikande akafikiri. "Nyingi."

"Basi wewe ni wa nyumba. Leta kipande."

Siku ya pili yake akaleta pande la kitenge chake cha kanisani. Limekatwa katikati kabisa, wala si kwenye pindo. Nilimwona akilitoa, nikasema moyoni, huyu mama wa Kichaga mwenye kuhesabu mpaka njugu za duka, leo kaingiwa na nini? Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Niliujua msemo huo, mwanangu, tena niliutumia sana, hasa kwa wateja.

Zamu yangu ikafika. Wakati ule nilikuwa na doti mbili tu za khanga. Ya kwanza ya kushindia, imepigwa jua na sabuni mpaka ukiiinua unaona mtu wa upande wa pili na kumtambua. Ya pili ilikuwa ya kijani, yenye maua ya mkorosho, niliyoipata kwa kura baada ya kupanga foleni mara tatu. Nilikuwa nimeivaa mara nne. Hiyo ndiyo niliyotoka nayo, hiyo ndiyo iliyonipa heshima ya kusimama na wanawake wenzangu. Na mwezi uliofuata kulikuwa na harusi ya shoga yangu, ambayo sare yake ilikuwa khanga ile ile ya kijani. Ukikata katikati ya khanga umeiua. Huwezi kuivaa kwenye mstari wa sare ukiwa na dirisha mgongoni.

Nikaenda kwa Mama na ile ya kushindia. Akaipitisha mkononi mara moja, akanirudishia.

"Hii haivaliwi, mwanangu. Hii inavumiliwa."

Nikajaribu lugha ninayoijua. "Mama, tupatane. Badala ya kipande kimoja, nitakupa mabaki thelathini. Mapya, ya rangi. Utajaza pembeni zote, na mengine yabaki."

"Mwajuma, mimi nanunua kwako?"

"Hapana, Mama."

"Basi bei inatoka wapi?"

Nikaikunja khanga yangu. Lakini mfanyabiashara kukunja mzigo si kukubali. Anatafuta mlango mwingine. Nikaenda chumbani kwangu Buguruni, nikafungua robota langu, nikachagua baki moja la pamba la maua mekundu. Baki jipya kabisa, halijawahi kugusa ngozi ya mtu. Nikalifua mara tatu kutoa wanga. Nikalianika juani siku mbili lipauke, nikalisugua kwenye ukuta wa chokaa lipate kulegea. Wenzangu sokoni walikuwa wanahangaika kufanya cha zamani kionekane kipya; mimi peke yangu katika Dar es Salaam nzima nilikuwa nahangaika kukifanya kipya kionekane cha zamani. Na asubuhi ya Jumapili ile nilitoka Buguruni kwa miguu nimekibana kwapani, mpaka Kariakoo, karibu saa nzima ya jua, ili kinywe jasho. Cheka, mwanangu. Mimi mwenyewe nilicheka njiani, nikajiona nina akili.

Nilipofika, watu wamekwisha kukaa barazani. Rajabu katikati, kavaa shati jeupe, kakunja mikono kama bwana harusi. Mfarishi umetandikwa juu ya mkeka, katikati umewekwa alama ya chaki nafasi tisa. Nilizihesabu, na nilipozihesabu tena nikaona ile ya juu kabisa, inayokaa kichwani kwa mlalaji, Mama ameiacha kwa ajili yangu. Kwa haki ilikuwa yake yeye. Lakini alisema aliyembeba ndiye amfunike uso.

Mjomba alianza. Alikuwa fundi kwenye karakana za reli Gerezani, na alileta kipande cha shati lake la kazi la buluu. "Shati hili limekunywa grisi kuliko chai," alisema. "Limeniona nikipandishwa cheo na limeniona nikinyimwa. Rajabu, ukiona wenzako wanapita mbele, usivue shati. Fanya kazi." Akapiga mishono yake minene ya kiume, tukacheka. Shangazi akasema yake. Dada zangu wawili wakasema zao, mmoja akilia. Mama Aikande akasema kitenge chake kimekaa kanisani miaka mitano na kina dua nyingi za Kilutheri, ila anaamini hazitagombana na zetu, na baraza zima likasema amina kwa kicheko.

Halafu mimi. Nikatoa kile kipande chekundu, kina joto la kwapa langu. Nikampa Mama atazame kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Macho yake wakati ule yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo alikuwa anatazama kwa vidole. Alikipitishia dole gumba upande huu, akakigeuza, akakipitishia upande wa pili. Alichukua muda. Kisha akanirudishia, akasema neno moja tu, "Shona."

Nikachukua sindano. Na sheria ilinitaka niseme.

"Hili ni gauni langu la nyumbani," nikasema. "Nimelivaa nikipika, nimelivaa nikilala. Siku ulipofaulu mtihani nilikuwa nalo." Uongo ukishaanza unatafuta mapambo. Nilikuwa napiga mishono haraka haraka ili nimalize.

Rajabu aliinama, akakigusa kipande kwa kidole. "Da Mwajuma, gauni hili umelivaa mara nyingi?"

"Mara nyingi sana."

Alinitazama kidogo, si sana. Halafu akatabasamu lile tabasamu lake la utotoni. "Basi ahsante, dada yangu. Sitasikia baridi usoni."

Akaondoka Jumanne kwa basi la Njombe. Mfarishi ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, ameushika mapajani kama mtoto.

Harusi ya shoga yangu ikafika, nikasimama kwenye mstari wa sare na khanga yangu nzima, ya kijani, haina hata tundu la pini. Nilipendeza. Sitakudanganya nikasema sikufurahi. Nilifurahi, nikacheza mpaka jasho likanitoka, na khanga ile ikalinywa jasho hilo bila mimi kuibana kwapani.

Barua ya kwanza ya Rajabu ilikuja baada ya mwezi. Mama alikuwa hajui kusoma, na msomaji wake nilikuwa mimi. Nilikaa naye kwenye kizingiti, nikamsomea kwa sauti. Alisema wanafunzi wanakuja na kuni mkononi kila mmoja, darasa lipate moto. Alisema maji ya kunawa asubuhi yanauma kama kidonda. Alisema kakohoa kidogo lakini si kitu. Mwisho akaandika: "Mfarishi wangu umekuwa maarufu kijiji kizima. Kipande cha da Mwajuma nakilaza kichwani kama alivyosema Mama, na kila asubuhi ndicho ninachokitazama kwanza."

Nikaikunja barua hapo. Mama akauliza, "Imeishia hapo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mjibu. Mwambie tunamtazama na sisi."

Siku ile niliamua. Nilisema nafsini, harusi imeshapita, khanga nitaikata, na kipande nitakipeleka mwenyewe mpaka Makete, nimwombe radhi, nikishone palepale. Niliamua kabisa, na kuamua kukanipa raha, nikalala vizuri. Hapo ndipo pa kuogopa, mwanangu. Mtu akishaamua jambo jema anajiona kama amekwisha kulitenda.

Wiki iliyofuata fundi mmoja aliniita, ana mabaki ya sare za shule, nisipoyachukua yanachukuliwa. Nikasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata mabasi yalikuwa ya shida, mafuta hakuna. Nikasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukawa mfungo, nikasema baada ya Idi, na Idi yenyewe, nitakwambia kweli, nilitaka kuiswali na khanga nzima. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linauma, ila nililizoea. Barua ya pili ikaja, ya tatu ikaja. Katika ya tatu kikohozi hakikuitwa kidogo tena. Mwandiko ulikuwa wake lakini mistari ilikuwa inateremka upande wa kulia. Nilimsomea Mama, lile neno la kikohozi nikaliruka.

Kisha ikaja simu ya maandishi. Maneno matatu: Rajabu mgonjwa. Njooni.

Ilinikuta sokoni, kwa kupitia duka la Mama Aikande, aliyekuja mwenyewe akikimbia na ndala mkononi. Alinipa karatasi. Nilikuwa nimevaa ile khanga ya kijani. Nilimgeukia fundi aliyekuwa karibu, nikamwomba mkasi, nikaivua ile ya juu nikaitandika kwenye meza yake, nikakata katikati kabisa, kwenye ua kubwa la mkorosho. Fundi alishika kichwa. "Dada, una wazimu? Khanga nzima hiyo!" Mama Aikande akamwambia, "Nyamaza wewe. Mwache akate."

Mkasi ulizunguka mara moja tu. Kitu nilichokizungusha miezi saba kilichukua muda wa kukohoa mara mbili.

Safari ilikuwa siku tatu. Basi mpaka Njombe, nikalala kituoni juu ya mzigo wa mtu kwa ruhusa yake, halafu lori la mbao. Dereva alinipa koti lake, akaniambia, "Mama, unatetemeka, hujazoea." Nilikuwa natetemeka, ndiyo, na baridi ilikuwa sehemu yake. Kipande nilikifunga ndani ya leso, nikakitia kifuani, na kila lori lilipopiga kona nilikuwa nakigusa. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitamwambia, Rajabu, mimi ni mwongo. Na yeye atasema, da Mwajuma, nani asiyejua? Tutacheka, nitashona.

Niliteremka asubuhi, ukungu umelala juu ya viazi. Nikaulizia nyumba ya mwalimu kutoka Dar es Salaam. Wale watoto niliowauliza walinitazama, wakatazamana, mmoja akanishika mkono bila kunijibu akaniongoza. Mlangoni alisimama mama mmoja mzee kidogo kuliko Mama yangu, kajitanda blanketi. Alikuwa mwenye nyumba aliyempangisha Rajabu chumba, wakimwita Mama Sanga. Kabla sijasema jina langu, alinitazama usoni, akaniweka mikono yote miwili mabegani.

"Wewe ndiye wa kichwani," alisema. "Umefika."

Sikumwelewa. Nikamwambia mimi ni dada yake Rajabu, nimekuja kumwona mgonjwa. Akasema, "Karibu ndani, mwanangu. Kaa." Na ile "kaa" yake ikaniambia kila kitu. Tulimzika juzi, alisema. Kifua. Alilala siku tano. Waislamu wawili walitoka mbali, mmoja dereva na mmoja mwenye duka, wakamswalia vizuri, hakukosa kitu. Alikuwa ananieleza hivyo kama mtu anayetoa ripoti ya mali aliyokabidhiwa, na machozi yanamshuka tu.

Baadaye, nilipoweza kunywa uji, akaingia chumbani akatoka na mfarishi. Akautandika mapajani mwake.

"Huu alikuwa anauanika uani kila jua likitoka," alisema. "Watoto wa shule wanauzunguka. Naye anawasomesha kwa huu. Anawaambia, huyu wa buluu ni mjomba, ananuka grisi lakini ana moyo. Huyu ni Mama Aikande, alinichapa sana. Huyu ni mama yangu, msimguse kwa mikono michafu. Watoto wamewajua wote."

Akafika juu, kwenye kile chekundu.

"Wakimuuliza hapa, anasema, hapa ni mahali pa dada yangu mkubwa. Bado hajafika. Yuko njiani." Mama Sanga akanitazama kwa upole usio na habari ya kitu chochote. "Miezi yote anasema hivyohivyo, yuko njiani. Hata mwisho. Kwa hiyo nilipokuona barabarani nilijua. Nikasema, Mungu mkubwa, kweli alikuwa njiani."

Mwanangu, mimi nimeishi kwa maneno. Sijawahi kukosa jibu sokoni tangu nilipoota meno. Nilitoa ile leso kifuani, nikaifungua, nikamwonyesha kipande cha kijani, na nikashindwa kumweleza ni cha nini. Alidhani nampa zawadi. Akashukuru, kisha akaona uso wangu, akanirudishia taratibu.

Kumbe Rajabu alijua tangu barazani. Mtoto aliyekua kati ya mafundi wa Kariakoo asijue kitambaa ambacho hakijavaliwa? Alijua, akaniuliza lile swali moja ili anipe mlango wa kutokea, nami nikaufunga. Na zile barua, alijua nani atamsomea Mama. Kila neno alilipima lisiniaibishe mbele yake. Ananiita kutoka Makete, kwa adabu, barua tatu, na mimi nasema wiki ijayo.

Nilirudi na mfarishi. Mama alikuwa amekwisha kupata habari. Nilimkuta kwenye kizingiti, wanawake wamemzunguka. Waliponiona wakapisha. Nikamwekea mfarishi mapajani. Akaupapasa kipande kwa kipande, taratibu, akitaja majina, mpaka akafika kichwani. Vidole vikasimama.

"Mama," nikasema, "hiki sicho changu. Hakikuwa gauni langu. Ni baki."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipa. Nguo iliyovaliwa hulegea upande mmoja, Mwajuma. Mwili wa mtu si mraba. Hiki kilikuwa kimelegea pande zote sawasawa."

"Kwa nini hukunikatalia? Kwa nini uliniachia nishone?"

Alilaza kiganja juu ya kile chekundu. "Kwa sababu zawadi inayodaiwa ni kodi," alisema. "Nilikuwa nakungoja uilete mwenyewe."

Nikatoa kile cha kijani. Nikamwambia, nipe sindano, Mama, nikishone sasa hivi. Hakunikemea. Laiti angenikemea. Alikipokea, akakipitishia dole gumba, akakinusa. "Hiki ni chako," akasema. "Hiki ndicho." Na hapo ndipo Mama yangu alipolia, mwanangu, mara ya kwanza tangu msiba, kwa sauti, amekikumbatia kipande cha khanga kana kwamba ndicho maiti. Alipotulia akanirudishia.

"Kishone ukitaka," akasema. "Lakini jua kwamba mwanangu hana baridi tena."

Sikukishona. Nilikaa na sindano iliyotungwa uzi mpaka wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Ile khanga yenye dirisha niliendelea kuivaa, mpaka ilipokwisha. Sokoni walinicheka. Mteja mmoja akaniambia, mwanamke mwerevu kama wewe, khanga imekatwa mraba mgongoni, panya gani huyo anayejua hesabu? Zamani ningemjibu akaondoka bila kiatu. Nilimkatia kitambaa chake, nikamwongezea kidogo, akaenda.

Basi nasaha zangu ni hizi, na sina nyingi.

Ukitaka kumshonea ndugu yako mfarishi, usianzie dukani. Anzia kwenye sanduku lako, na usichukue kile cha chini kabisa ulichokisahau, wala kile cha juu ambacho bado kina karatasi ya bei. Chukua kile ambacho mkasi ukikikaribia moyo unasema, "hapana, si hiki." Hicho ndicho. Kile kinachokutoka bila kukugusa, hata viwe vipande thelathini, ndugu yako ataushukuru mkono wako na mahali pako ataona pangali wazi. Watu wanajua. Usidhani mapenzi hayana vidole. Mama mwenye ukungu machoni alijua, kijana wa miaka ishirini alijua. Aliyekuwa hajui barazani pale ni mimi mwenye kuhesabu mara mbili.

Na kama umekwisha kutoa cha uongo, kwa maana sote tumewahi, usikae unapanga siku ya kukibadilisha. Wanaokupenda hawatakudai. Watakusitiri, watakuandikia barua nzuri, watasema yuko njiani. Usiifanye subira yao kuwa ruhusa. Ondoka leo, hata huna nauli ya kurudi. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Mimi wangu nimemlea miaka mingi sasa, na hajanipunguzia kazi hata moja.

Wewe binti, duka lenyewe liko nyuma ya soko, uchochoro wa tatu kushoto, na bei ya kwanza atakayokutajia ni ya uongo, toa theluthi. Kanunue vya pembeni. Vya katikati waombe wa nyumbani kwako, mmoja mmoja, wangali wakikusikia.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na miguu isiyongoja kesho. Awape unaowapenda umri wa kukipokea kile unachowapelekea, nawe wakukute umo, mzima, kwenye nafasi waliyokuachia. Mfunikane, wanangu, mngali mnasikia baridi. Amina.